Taa Iliyojiwasha Yenyewe kwa Bibi Kabula

Kosa langu kubwa la mwanzo katika kazi ya umeme wa jua nililifanya kwa ustadi kuliko kazi yoyote niliyokuwa nimeifanya hadi siku ile: nilitengeneza taa ambayo haikuhitaji mtu wa kuiwasha. Haikuungua, haikumrusha mtu, haikuua betri. Iliwaka kila jioni bila kukosa. Kama ingekuwa mbovu, nisingekuwa naikumbuka mpaka leo.

Nawaandikia ninyi vijana mnaofunga paneli siku hizi, hasa wale ambao mikono inawatoka jasho mnapokabidhi kazi. Nawajua kwa sababu nilikuwa mmoja wenu. Nilikuwa mtu wa kurudiarudia. Nakaza skrubu, nashuka ngazi, napanda tena kuikaza, nashuka, nafika barabarani, halafu narudi kuomba ngazi. Waya nilizinyoosha ukutani kwa rula ya shule, na kibanio kimoja kikienda upande nilibandua mstari mzima nikaanza upya. Watu wa Kirumba, mtaa wetu hapa Mwanza, walidhani ni maringo. Ulikuwa woga mtupu. Hakuna aliyenifundisha kazi ile, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hapa sasa panatosha, funga mfuko wako uende nyumbani.

Ilikuwa miaka ya tisini, mambo yanafunguliwa. Karakana ambayo baba yangu alifanyia kazi ujana wake wote, na ambayo nilijua na mimi ningeingia, ilipunguza watu, kisha ikafungwa kabisa. Wakati huohuo maduka ya mjini yakajaa vitu tulivyokuwa tumezoea kuvisikia tu: redio za kila aina, betri mpya, kaseti, mitumba ya kila umbo. Siku moja nikaona dukani bamba la bluu lenye kioo, limeegemezwa ukutani nyuma ya magodoro. Nikamuuliza mwenye duka ni nini. Akasema, "Linatoa umeme." Nikauliza linatoaje. Akasema, "Wewe unanunua au unahoji?"

Nilijifundisha kwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, na kamusi pembeni. Kitabu kilisema paneli itazame kusini na isimame kwa mwinamo mkubwa. Nikaifunga ya kwanza hivyohivyo, nimeipima kwa dira, imesimama juu ya bati kama ubao wa darasani. Bati lenyewe lilikuwa la kibanda cha Mzee Salum, karibu na mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ambako nilipewa kona ya kutengenezea redio.

Mzee Salum alikuwa fundi wa karabai. Kwa ninyi ambao hamkuziona, karabai ni taa ya mafuta ya taa yenye pampu. Unaipampu, mafuta yanapanda kwa nguvu, yanawasha kifuko cheupe cha uzi, na mwanga wake unamwezesha kusoma hata mtu aliyekaa mbali. Wavuvi wa dagaa walizibeba ziwani, na usiku usio na mwezi ungetazama majini ukadhani kuna mji mwingine kule. Nusu ya zile taa zilikuwa zimepita mikononi mwake. Alikuwa mfupi, mwenye kofia iliyofubaa kwa mafuta, na ulimi usiomhurumia mtu.

Alitoka nje, akalitazama bamba langu muda mrefu.

"Deusi," akasema, "hilo linamwangalia nani?"

"Kusini, mzee. Kitabu kimesema."

"Na jua liko wapi?"

Nikainua uso. Jua lilikuwa utosini kwetu, limeelemea kaskazini kidogo. Aliyeandika kitabu alikuwa amewaandikia watu wa kwao, huko mbali kaskazini, ambako jua linapita chini, upande wa kusini. Sisi Mwanza tumekaa karibu na ikweta. Basi shikeni hili: huku kwetu ilaze paneli, iachie mteremko mdogo tu ili mvua iioshe na vumbi lisituame.

Lakini msiilaze karibu na ardhi. Kuna nyumba ya ufukweni niliifungia paneli juu ya kichanja kifupi uani, ili mama mwenye nyumba asihangaike kupanda juu kuifuta. Niliporudi kukagua nilikuta bamba zima limeanikwa dagaa.

"Fundi, ahsante kwa kichanja," akaniambia. "Wanakauka upesi, na hawashiki mchanga."

"Mama, hilo ndilo linaloleta mwanga!"

"Si mwanga ni wa usiku? Mchana linakaa bure tu."

Nikahamishia paneli juu ya bati, kichanja nikamwachia.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Mzee Salum alikuwa na utaratibu mmoja ambao mafundi wenzake waliucheka. Akishatengeneza taa haikabidhi pale kibandani. Anaibeba mwenyewe mpaka kwa mwenye taa, anakaa, anasubiri giza, iwashwe mbele yake, aone wenye nyumba wakiitumia, ndipo anaaga. Jambo hilo aliliita "kuisindikiza taa". Taa ikitoka mbali, ya mvuvi wa kisiwani kwa mfano, aliisindikiza mpaka kwenye mtumbwi na kusubiri waiwashe. Nilimwambia anapoteza muda. Alisema, "Hapa kibandani naijua taa. Kule namjua mtu."

Alinihimiza nifanye vilevile. Nilikuwa na visingizio vingi, na leo nitawaambia ukweli ambao sikumwambia. Nilikuwa naogopa ile saa ya kuwasha. Niliogopa kukaa sebuleni kwa watu, macho yote yananitazama, halafu taa igome. Kwa hiyo nilijaribu kila kitu mchana, nikaondoka kabla jua halijashuka. Nilikuwa nikijipongeza kwa bidii, kumbe nakimbia.

Akaja Masanja. Masanja alikuwa mnunuzi wa sangara, anawapelekea viwanda vya minofu, na alikuwa amejenga nyumba ya bati kijijini kwao, ng'ambo ya ghuba. Ukivuka kwa kivuko unaendelea kwa baiskeli kando ya mashamba ya pamba, mpaka unaona ziwa tena. Aliishi huko na mkewe, watoto, na mama yake, Bibi Kabula, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho yote mawili.

"Juzi koroboi imemwangukia karibu na kanga," Masanja akaniambia. Koroboi, kwa msiojua, ni kile kitaa cha kopo chenye utambi, kisicho na kioo. "Fundi, nataka moto utoke ndani ya nyumba ile. Mafuta, kiberiti, vyote vitoke. Nitakuja kumkuta mama yangu ameungua."

Mtu akikupa kazi ya namna ile, na wewe ni wa namna yangu, hulali. Niliiwaza taa ile mpaka ikanijia fikra niliyoiona ya ajabu. Kwa nini mtu aiwashe? Paneli yenyewe inajua kwamba jua limezama, kwa sababu inaacha kutoa umeme. Nikachukua rilei ya honi ya lori, yaani swichi ndogo inayovutwa na umeme wenyewe, nikaiunganisha ili umeme wa paneli uishike mchana kutwa. Jua likizama, rilei inaachia, na taa inawaka. Wakilala watazima kwa swichi, asubuhi wairudishe, basi. Bibi asiyeona asingehitaji kugusa chochote wala kumsubiri yeyote.

Rilei ile ilikuwa na kasoro moja: ikiachia ilitoa mlio, "tiki!" Mlio ule ulinikera. Niliusikia kama mlango usiofunga vizuri. Nikaifunga kwa kipande cha godoro, nikaitia kwenye kikopo, nikakificha darini. Sasa hapakuwa na sauti kabisa. Kumbukeni kipande kile cha godoro.

Nilifunga kazi ile kwa uzuri ambao sijaurudia. Waya zilishuka ukutani kama zimechorwa. Mchana nilipanda juu nikafunika paneli kwa blanketi, na chini watoto wakapiga kelele, "Imewaka! Imewaka!" Mke wa Masanja akapiga vigelegele. Bibi Kabula alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, amegeuzia uso upande wa kelele.

"Imewaka?" akauliza.

"Imewaka, bibi," nikamwambia. "Na itakuwa inawaka yenyewe. Hamtahangaika tena."

"Yenyewe," akasema. Sikusikia chochote kwenye neno lile. Nilikuwa naangalia kama nimesahau koleo. Masanja akasema nilale, kuna samaki. Nikasema kivuko kitaniacha, nikapanda baiskeli.

Majuma yakapita. Asubuhi moja Masanja akaja kibandani kutoka mwaloni, bado ana magamba kwenye viatu.

"Fundi, mama haitaki taa yako."

Nikauliza, "Haiwaki?"

"Inawaka."

"Inazimika katikati?"

"Haizimiki."

"Sasa tatizo nini?"

"Inawaka. Ndiyo tatizo. Anasema kama ni hivyo arudishiwe koroboi yake. Hali vizuri. Ananijibu mkato. Mimi na yeye hatujawahi kuwa hivi." Masanja, mtu mzima mwenye sauti ya kuita mitumbwi, alikuwa anazungushazungusha kofia mkononi. "Nimemfanyia kwa nia njema, fundi. Njoo uitazame."

Nikaanza kukusanya vifaa: mita, waya, rilei ya akiba, fyuzi. Mzee Salum alikuwa anapuliza uchafu kwenye tundu la karabai. Akasema bila kuinua kichwa, "Deusi. Vifaa hivyo acha. Chukua shuka. Ukalale huko."

Vifaa nilivichukua hata hivyo. Lakini na shuka nilichukua.

Nilifika alasiri. Bibi Kabula alinijua kwa mlio wa baiskeli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe fundi wa kukimbia?"

"Ni mimi, bibi."

"Leo kivuko hakikuiti?"

Nikasema leo nalala. Akacheka kidogo, "Haya, labda leo utachoka kukimbia," akaendelea kuchambua mchicha kwa vidole. Nilipima kila kitu. Betri nzima. Nyaya nzima. Rilei nzima kwenye godoro lake. Nikakosa cha kutengeneza, na kukosa kulinitisha kuliko ubovu. Nikakaa sebuleni kwenye mkeka, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, nikasubiri jioni ya mteja.

Kuku waliingia. Upepo wa ziwani ukabadilika. Mke wa Masanja alikuwa jikoni nje, watoto wanaingia na kutoka. Halafu taa ikawaka. Hivyo tu, kimya, kama nilivyotaka. Watoto waliinamia madaftari yao chini ya mwanga. Masanja akaingia, akavua viatu, akafungulia redio. Mkewe akaweka ugali. Kila mtu akaendelea na lake, kwa kuwa hakuna lililokuwa limesimama.

Bibi Kabula alikuwa amekaa na mikono mapajani, uso ameuinua kidogo, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni. Mwishowe akauliza, "Leo hamwashi taa?"

"Mbona imeshawaka zamani, bibi!" mjukuu wake mkubwa, Neema, akasema huku anaandika.

Bibi akashusha uso.

"Basi," akasema. "Jioni imenipita tena."

Hapo ndipo nilipokumbuka nyumba yetu wenyewe. Kwetu pia, nilipokuwa mdogo, taa ilipoingia sebuleni kila mtu alisalimia upya. Haidhuru mlikuwa pamoja kutwa nzima. Kiberiti kinapigwa, harufu ya mafuta inakuja, kioo cha chemli kinagonga, mtoto anaingia nayo polepole huku amekinga mwali, na anapoiweka tu, wadogo wote, "Shikamoo mama, shikamoo bibi," na wakubwa, "Habari za jioni." Ilikuwa kama watu wamewasili. Nilipohamia mjini, kwenye umeme wa kuwasha ukutani, niliacha bila kujua kwamba nimeacha.

Kwa Bibi Kabula kiberiti, harufu na zile shikamoo ndiyo ilikuwa jioni yenyewe. Ndiyo saa ambayo nyumba nzima ilimgeukia na kumtaja. Mimi nilikuwa nimeiondoa yote na kuifungia kwenye kikopo darini, ndani ya godoro.

Nilimwambia Masanja pale pale, mbele ya ugali. Akazima redio. Akamgeukia mama yake.

"Mama, kumbe hatujakusalimia tangu taa ije?"

"Mtanisalimiaje? Mmeona taa imeingia? Imekuja kama mwizi, haikupiga hodi."

"Si ungesema, mama."

"Niseme nisalimiwe? Mimi omba omba?"

Masanja alisema koroboi irudi, kama ni hivyo. Nikaona moto anaouogopa unarudi ndani ya nyumba yake kwa sababu yangu. Nikamwomba anisubiri.

Kesho yake nilirudi mjini, nikazunguka Kirumba nzima natafuta swichi. Wauzaji walinitolea mpya, laini, za kisasa. Nilizijaribu sikioni moja moja, nazirudisha. "Unataka ya namna gani?" wakaniuliza. Nikawaambia, "Yenye kelele." Walinicheka. Mzee Salum ndiye aliyevuta kopo chini ya meza yake akanipa moja nyeusi, ya mviringo, iliyotolewa kwenye nyumba ya zamani iliyobomolewa. Ukiibonyeza inalia "kwaa!" kama mtu anavunja kuni.

Mara ile alikuja na mimi. Alikaa uani akimsimulia Bibi Kabula habari za visiwani, mimi nikiondoa rilei. Kisha nikauliza swali ambalo kitabu hakikuwa nalo: "Bibi, niiweke wapi?"

"Nitajuaje? Leta mkono wako." Bila kuinuka kwenye kigoda akanishika mkono, akaupeleka ukutani mpaka pale wake ulipofika. "Hapa."

"Hapo ni chini sana, bibi, waya itapinda."

"Itakupinda wewe?"

Mzee Salum akakohoa huko nje. Nilikuwa najua ni kicheko.

Waya ikapinda. Ukuta wangu mzuri ukapata mkato wa ovyo unaoshuka mpaka usawa wa mkono wa mtu aliyekaa. Nilitamani kuufunika kwa kalenda. Jioni tukasubiri, sote, na Mzee Salum akiwa na kikombe cha chai. Kuku waliingia. Upepo ukageuka. Bibi Kabula akageuza uso kushoto na kulia.

"Mmo wote?"

"Tumo."

Kwaa!

"Shikamoo bibi!" Watoto walipayuka kwa pamoja. Yeye akawajibu mmoja mmoja kwa jina, kwa sauti zao. "Marahaba Neema. Na wewe mdogo, sema vizuri, usimeze. Marahaba." Mke wa Masanja akapiga goti akiwa na mwiko mkononi. Masanja akasogea, mwanamume mzima na sauti yake ya mitumbwi, akasema, "Shikamoo mama," kama mtoto aliyetoka kuchunga ng'ombe. Bibi akamshika kichwa.

"Na fundi?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sasa taa yako imefika."

Tangu siku ile alikuwa yeye ndiye anayeiwasha jioni ya nyumba ile. Watu walifurahi kunisimulia kwamba siku za mawingu aliiwasha alasiri, na wote wakasalimia vilevile bila kumsahihisha. Betri haikupenda. Mimi mwenye wasiwasi wa kila kitu nilinyamaza.

Niliendelea na kazi hii miaka mingi, Nyegezi, Buhongwa, visiwani, nikafunga taa nisizokumbuka idadi. Kila moja niliisindikiza. Nilijifunza kwamba jioni ya kwanza watu watakuonyesha kwa miguu yao mahali taa ilipopaswa kuwa: watavuta mkeka, watasogeza kigoda, mama atasimama na sufuria akitafuta pa kukaa ili kivuli chake kisiiangukie. Kaeni muone hayo. Na mkiwa na woga kama wangu, kaeni nao, taa ikigoma mtaitengeneza watu wakiwaona.

Mzee Salum hakufika kuona karabai zinavyotoka ziwani moja moja. Bibi Kabula naye alitangulia, na Masanja alinitumia ujumbe kwamba siku ya msiba ni Neema aliyekaa kwenye kigoda na kuwasha. Siitamani koroboi, moshi wake ulitupasua vifua. Ninachokitamani ni ile pumzi moja kati ya giza na mwanga, watu wanapogeukiana. Natamani mlio wa swichi ile. Wakati mwingine nasimama sebuleni kwangu jua likizama, mkono ukutani, nasubiri bila kujua nasubiri nini.

Sasa niko Buhongwa, nimestaafu, umeme wa nguzo umefika mpaka mlangoni. Kwenye uzio mwanangu amenifungia taa ndogo za jua alizonunua mjini, ndani yake zina kile nilichokihangaikia kwa rilei ya lori. Siku hizi taa za jua ziko kila mahali, mpaka kule ng'ambo ya ghuba, na watu maskini wanazimudu. Zinajiwasha zenyewe giza likiingia, na zikiwaka hakuna anayesalimia.